Fuata Moshi: Namna ya Kuisoma Nyumba ya Kale ya Mkulima wa Kiingereza

Ukimuuliza fundi mzoefu nyumba fulani ya kale ya shambani huko Uingereza ina umri gani, naye atakuuliza: unaulizia sehemu ipi? Ukuta wa mbele unaweza kuwa wa matofali ya karne ya 18, madirisha ya karne ya 19, bafu la juzi juzi, na nyuma ya hayo yote kukawa na kiunzi cha mbao kilichosimamishwa kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Hakuna msanifu aliyelichora jengo hilo zima. Limejengwa na vizazi vya watu, kila kizazi kikibadilisha kilichokikera na kuacha mengine yalivyo. Ndiyo maana picha za nyumba hizi hupendeza sana lakini mtu akizitazama hajui aanzie wapi: paa limeinama huku, dohani, yaani bomba la kutolea moshi, imeota katikati, mlango hauko pale ulipoutarajia, na boriti moja ina matundu matupu yasiyoshika chochote.

Ipo njia moja ya kulifungua fumbo hili, nami naiamini kuliko nyingine zote. Tafuta moto ulikuwa ukiwaka wapi, kisha fuata moshi. Vyumba, ngazi, dari na hata mlango wa mbele wa nyumba ya mkulima wa Kiingereza vilihama kwa sababu moto ulihama.

Ukumbi usio na dari

Nyumba nzuri ya kuanzia ni Bayleaf. Ilisimama kwa zaidi ya miaka 500 huko Chiddingstone, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde lake lilichaguliwa kuwa bwawa la maji, bwawa linaloitwa leo Bough Beech, na nyumba ikawa imehukumiwa. Badala ya kuachwa izame ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikasafirishwa hadi kijiji cha Singleton, West Sussex, na kusimamishwa upya katika jumba la makumbusho la wazi la Weald and Downland, lililofungua milango yake mwaka 1970. Leo mtu anaweza kuingia ndani, kukaa kwenye benchi karibu na moto na kuiona nyumba ya mkulima kama ilivyokuwa takriban mwaka 1540.

Kitu cha kwanza kinachomgonga mgeni ni urefu wa ukumbi. Hauna dari wala ghorofa juu yake. Ukiinua macho unaona moja kwa moja makombamoyo ya paa, meusi tii. Katikati ya sakafu ya udongo pana moto, hivyo tu, bila ukuta nyuma yake wala bomba juu yake. Moshi unapanda, unatandaa chini ya vigae, unazunguka humo kwa muda wake, kisha unatoka kupitia vitundu vya pembetatu vilivyoachwa kwenye ncha mbili za paa na kupitia nyufa za vigae vyenyewe. Dirisha la ukumbi ni refu, lina vijiti wima vya mwaloni na halina kioo. Upepo ukivuma upande mmoja, mbao za kufungia dirisha zinafungwa upande huo na kuachwa wazi upande wa pili, ili moto upate hewa na watu wapate mwanga.

Msomaji aliyezoea kupika jikoni kwa kuni atadhani huo ni umaskini. La hasha. Bayleaf ilikuwa nyumba ya mtu mwenye nacho, mkulima aliyelima eneo kubwa na kuajiri watu. Moto wa katikati ulikuwa na faida zake: joto lake liliwafikia watu kutoka pande zote badala ya kupotelea ukutani, na moshi ulikausha nyama iliyotundikwa juu na kuwafukuza wadudu kwenye paa. Na ulikuwa na maana ya kijamii ambayo hatuwezi kuiruka. Mwenye nyumba, mkewe, watoto, vijakazi na vibarua waliolala hapo wote walikula katika chumba kimoja, kwenye moto mmoja.

Lakini hawakukaa ovyo. Ukumbi ulikuwa na upande wa juu na upande wa chini, na kila aliyeingia aliujua upande wake. Upande wa chini kulikuwa na milango miwili ya nje iliyotazamana, mmoja mbele na mwingine nyuma, na kati yao njia ya kupita. Ukutani mwa njia hiyo kulikuwa na milango mingine miwili ya ndani iliyopelekea vyumba vidogo vya akiba: kimoja cha vinywaji, hasa bia iliyopikwa nyumbani, kingine cha mkate na vyakula vikavu. Upande wa juu, mbali na baridi ya milango, ndiko kulikowekwa meza ndefu ya mwenye nyumba, naye akaipa mgongo ukuta na kuutazama ukumbi mzima. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa chumba cha faragha cha familia, na juu ya chumba hicho chumba cha kulala kilicho bora kuliko vyote, chenye choo chake kilichochomoza nje ya ukuta.

Hapo pana jambo dogo linaloeleza mengi. Bayleaf ina vyumba vya juu viwili, kimoja kila ncha ya nyumba. Ukiwa katika kimoja huwezi kwenda kingine bila kushuka chini, kuvuka ukumbi mzima na kupanda tena, kwa sababu kati yao pana hewa tupu na moshi. Nyumba ya ghorofa isiyo na ghorofa katikati. Ramani yote ya nyumba, basi, ililazimishwa na moto ule wa sakafuni.

Mpangilio huu ulienea sana katika Kent, Sussex na Surrey, kwenye eneo la misitu na malisho liitwalo Weald, na ukiwa barabarani unautambua kwa mbele yake. Vyumba vya juu vya ncha zote mbili vimechomoza mbele kidogo kupita ukuta wa chini, ukumbi wa katikati umebaki nyuma, ila ukingo wa paa unapita mstari mmoja ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Pale katikati, ambapo paa linaning'inia mbele ya ukuta wa ukumbi, linabebwa na mbao mbili zilizopinda.

Kwa nini wakulima, na si mabwana wakubwa pekee, waliweza kujenga hivi? Jibu liko kwenye tauni ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua kati ya theluthi moja na nusu ya watu wa Uingereza. Waliobaki walikuta ardhi tele na vibarua wachache. Ujira ukapanda, na masharti ya zamani ya kumtumikia bwana yakalegea. Katika karne iliyofuata familia zilizojituma zilikusanya mashamba, na Kent, iliyokuwa na sufu, misitu na soko la London karibu, ilinufaika zaidi. Sehemu kubwa ya Bayleaf ni ya mwanzoni mwa karne ya 15. Ncha ya juu, yenye chumba bora cha kulala, ilijengwa miaka 80 au zaidi baadaye, kati ya 1505 na 1510. Kwa hiyo hata nyumba hii inayoonekana kama kitu kimoja ilijengwa kwa awamu mbili, na anayetazama kwa haraka hagundui.

Kazi ya seremala

Nyumba hii iliwezekana kuhamishwa kwa sababu ilijengwa kama kitanda cha kufungua: kila kipande kina ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, na kiungo kinashikiliwa na kijiti cha mwaloni kilichopigwa kupita katikati. Ndani ya kiunzi kizima hakuna msumari wa kukishikilia.

Maseremala wa zama zile walifanya kazi na mwaloni mbichi, uliokatwa karibuni, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kuumiza patasi. Mbao zilichongwa uwanjani, zikalazwa chini kama ukuta uliolala, na kila kiungo kikapimwa na kukatwa kwa ajili ya jozi yake tu. Kwa kuwa miti haikuwa imenyooka sawasawa, ulimi wa boriti moja haukutoshea tundu la nyingine. Ndipo zikahitajika alama. Ukitazama kwa karibu kwenye maungio utaona mikwaruzo ya patasi: I, II, III, IIII, V, X. Ni namba za Kirumi, kwa sababu mistari iliyonyooka ndiyo rahisi kuchonga kwa patasi, na nne huandikwa IIII ili isichanganywe na sita mbao ikigeuzwa. Ukuta ulipokamilika ulifunguliwa, ukapelekwa kwenye kiwanja na kusimamishwa kwa kufuata namba zile. Karibu miaka 550 baadaye mafundi wa makumbusho walirudia kazi ileile.

Mwaloni mbichi uliendelea kukauka ukiwa tayari ni nyumba. Ulijikunja, ukapasuka, ukavuta maungio yake na kuyabana zaidi. Sakafu zinazoteremka na nguzo zinazoegemea, ambazo wageni huzipiga picha kwa mshangao, mara nyingi si dalili ya kuanguka. Nyingi zilijipinda hivyo katika miaka yake ya mwanzo na hazijasogea tangu hapo.

Kati ya vitu vyote ninavyovipenda katika majengo haya, kichwa cha nguzo ndicho cha kwanza. Simama chini ya nguzo kuu ya ukumbi na uangalie inapokutana na paa. Nguzo inapanuka kadiri inavyopanda, ikawa nene juu kuliko chini. Seremala ameupindua mti: upande wa shina karibu na mizizi, ulio mnene, ndio ulio juu. Sababu ni kwamba pale juu mbao tatu zinakutana mahali pamoja, yaani nguzo yenyewe, mtambaapanya unaopita kwa urefu juu ya ukuta, na boriti ya kuvuka inayofunga ukuta mmoja na mwingine usisukumwe nje na uzito wa paa. Kila moja inahitaji kiungo chake, na nguzo nyembamba ingechanika kwa matundu hayo yote. Kwa kuupindua mti, seremala akapata unene pale alipouhitaji na uzi wa mbao ukabaki bila kukatwa. Alikuwa mtu asiyejulikana jina, katika wilaya ya mashambani, na suluhisho lake lingali linabeba paa.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa kwa njia ambayo msomaji wa pwani au wa bara hahitaji kuelezwa: vijiti vilisimamishwa, fito zikasukwa, udongo uliochanganywa na majani na samadi ukakandikwa pande zote mbili, juu yake ikapakwa chokaa. Paa la mwenye uwezo huko Kent liliezekwa kwa vigae vya udongo wa kuchoma. Wengine waliezeka kwa mabua ya ngano au ya rai, nafaka inayofanana na ngano.

Dohani inapoingia

Sasa tuuhamishe moto.

Katika karne ya 16 mambo kadhaa yalikutana. Bei za nafaka na sufu zilipanda mfululizo huku kodi nyingi za ardhi zikiwa zimefungwa kwa mikataba ya muda mrefu, kwa hiyo mkulima aliyeuza mazao akabaki na fedha mkononi. Matanuri ya matofali yakaongezeka vijijini. Na desturi ikabadilika: waliojiweza walianza kutaka vyumba vyao wenyewe. Mwaka 1577 kasisi William Harrison wa kijiji cha Radwinter, Essex, aliandika kwamba wazee wa kijiji chake walitaja mambo matatu yaliyobadilika ajabu mbele ya macho yao, na la kwanza lilikuwa wingi wa dohani zilizojengwa karibuni. Utotoni mwao vijiji vingi vilikuwa na mbili au tatu tu.

Mabadiliko hayakuja kwa mkupuo. Wengine walianza kwa kukata kipande kimoja cha ukumbi kwa ukuta wa mbao na kuuacha moshi upande humo tu hadi juu. Nyumba ndogo ya Poplar Cottage, iliyo kwenye makumbusho yaleyale ya Singleton, imejengwa hivyo. Wengine walijenga dohani ya mbao iliyokandikwa udongo, kitu kinachotisha kukiwaza. Hatua ya mwisho ilikuwa dohani ya matofali au mawe, jengo zito lenye meko mapana chini ambamo mtu mzima aliweza kuingia na kusimama, na mara nyingi tanuri la mkate limechimbwa ubavuni.

Moshi ulipofungiwa ndani ya matofali, ile hewa tupu ya juu ya ukumbi ikawa mali. Mwenye nyumba akaweka boriti moja nene ya kuvuka ukumbi, akapanga boriti ndogo juu yake, akapiga mbao, na hapo hapo akapata chumba kipya cha juu. Vyumba viwili vya ncha vikaunganishwa, na nyumba ya ghorofa ikawa na ghorofa kwelikweli. Ngazi ikabanwa kando ya dohani, ikizunguka. Dirisha refu la ukumbi, lililokuwa likipanda hadi juu, lilikatwa na sakafu mpya, kwa hiyo yakahitajika mawili, la chini na la juu. Vioo, ambavyo zamani vilikuwa vya thamani kiasi cha kutajwa katika wasia pamoja na vitanda na masufuria, vikaanza kuonekana hata kwa wakulima wa kati. Na dohani mara nyingi ilipandishwa palepale penye ile njia ya kupita yenye milango miwili, au karibu nayo, kwa hiyo mtu akifungua mlango wa mbele anakutana na ubavu wa matofali na inambidi akate kushoto au kulia. Wageni wengi huuona mlango huo kuwa kosa la ujenzi. Ni kovu la moto uliohama.

Aliyejenga upya hakuhitaji kuhangaika na ukumbi wa zamani. Nyumba ya Pendean, iliyotoka West Lavington karibu na Midhurst na sasa iko kwenye makumbusho hayohayo, ni ya mwaka 1609. Ilijengwa tangu mwanzo ikiwa na ghorofa kamili na dohani ya matofali katikati. Ukitembea kutoka Bayleaf hadi Pendean unavuka miaka 200, na tofauti unayoiona zaidi ni kimo cha dari na idadi ya milango. Watu wameanza kujitenga. Mwenye nyumba na mkewe wanaweza kukaa katika chumba chao na moto wao huku vijakazi wakiwa kwenye moto mwingine upande wa pili wa dohani.

Mwanahistoria W. G. Hoskins aliandika mwaka 1953 kwamba kati ya 1570 na 1640 nyumba za mashambani za Uingereza zilijengwa upya kwa wimbi moja kubwa. Waliomfuata walionyesha kwamba wimbi hilo halikufika kila mahali kwa wakati mmoja; kaskazini lilichelewa, na Kent lilikuwa limeanza mapema kuliko alivyodhani. Wako sahihi. Hata hivyo wazo lake la msingi limebaki na nguvu, kwani hakuna badiliko jingine kabla ya umeme lililogeuza maisha ya ndani ya nyumba hizi kama dohani.

Ushahidi uko darini. Panda na tochi hadi juu ya vyumba vya kulala na utazame makombamoyo. Kama ni meusi, yana utando wa masizi ulioganda, basi chini yake paliwahi kuwa na ukumbi wa wazi, hata kama mbele ya nyumba pana matofali safi na milango ya kupendeza. Kama ni ya rangi ya mbao tu, huenda yalikuja baada ya dohani. Huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, yako mapaa ambayo tabaka la chini kabisa la nyasi halijatolewa tangu zama za moto wa sakafuni. Wataalamu wa mimea wamechambua nyasi hizo zenye masizi na kupata humo mabua ya rai na ngano za aina za kale pamoja na magugu yaliyokuwa yakiota mashambani. Shamba la karne ya 15 limehifadhiwa kwenye paa, kwa moshi.

Ngozi mpya, na nchi nyingine ndani ya nchi

Karne ya 18 ilileta shauku ya ulinganifu: mlango katikati, madirisha sawa kila upande. Wengi hawakubomoa, waliuvisha mfupa wa zamani ngozi mpya ya matofali. Kusini-mashariki walikuwa pia na vigae maalumu vya kupigilia ukutani vinavyoonekana kama matofali kabisa. Dalili za udanganyifu huo ziko pembeni: tazama ubavu wa nyumba, tazama paa ambalo ni refu mno na limesimama mno kwa ukuta uliolibeba, tazama dohani isiyolingana na mlango.

Kodi ya madirisha, iliyotozwa kuanzia 1696 hadi 1851, nayo iliacha alama, ingawa husingiziwa zaidi ya inavyostahili. Si kila dirisha lililozibwa kwa matofali lilizibwa kwa kukwepa kodi; mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza ili tu uso wa nyumba ulingane. Ila kwa wakulima kulikuwa na msamaha: madirisha ya chumba cha maziwa au cha jibini hayakuhesabiwa, mradi jina la chumba liandikwe mlangoni. Hadi leo ziko nyumba zenye maandishi hayo juu ya mlango.

Nimekaa sana Kent na Sussex kwa sababu ndiko mbao zilikosimuliwa vizuri. Lakini kabla ya mifereji na reli kubeba mizigo kwa bei nafuu, kila wilaya ilijenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yake. Devon walipandisha kuta nene za udongo tupu. Vilima vya Cotswold vilitoa mawe ya chokaa ya rangi ya asali, na Norfolk wakatumia mawe ya gumegume. Kwenye nyanda za juu za Dartmoor watu na ng'ombe waliishi chini ya paa moja refu, ng'ombe upande wa chini wa mteremko ili mkojo wao utiririke nje. Nyumba ya Higher Uppacott bado ina zizi lake la ndani ambalo halijageuzwa kuwa sebule. Na kwenye mpaka wa Scotland, ambako uporaji wa mifugo ulikuwa jambo la kawaida, wakulima walijenga ngome ndogo za mawe: mifugo chini, watu juu, na ngazi ya kuvutwa ndani usiku. Huko nako unaweza kuuliza swali la moto na moshi, ila majibu yatakuja na tarehe zake.

Hadithi zinazopaswa kuachwa

Karibu kila kijiji kina nyumba inayosemekana kujengwa kwa mbao za meli ya vita iliyovunjwa. Ushahidi unaotolewa ni mbao zilizopinda na yale matundu matupu. Mbao zilizopinda ni miti iliyopinda, iliyochaguliwa makusudi kwa sababu huhimili vizuri. Matundu matupu yaliwahi kushika mbao iliyoondolewa dirisha lilipohamishwa, au boriti hiyo ilitoka kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa; mwaloni ulikuwa mali na haukutupwa. Hadithi maarufu kuliko zote ni ya ghala la Jordans, Buckinghamshire, linalodaiwa kuwa na mbao za Mayflower, meli iliyowapeleka walowezi wa Kiingereza Amerika mwaka 1620. Dai hilo lilienezwa karibu na mwaka 1920 na wanahistoria hawalikubali.

Pia ile sura ya nyumba nyeusi na nyeupe inayouzwa kwenye kalenda kwa sehemu kubwa ni mapenzi ya karne ya 19. Mwaloni wa Kent na Sussex aghalabu uliachwa bila rangi ukawa wa kijivu cha fedha, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta wote.

Kuna jambo jingine linaloonekana kama hadithi na si hadithi. Kwenye boriti iliyo juu ya meko makubwa mara nyingi pana alama za kuunguza zenye umbo la tone, zilizofanywa kwa kushikilia mwali kwa uangalifu, na michoro ya duara yenye petali sita. Ndani ya dohani hukutwa viatu vikuukuu, hasa cha mguu mmoja. Makumbusho ya Northampton yana daftari la viatu vilivyofichwa hivyo, vilivyopatikana nchini humo na kwingineko. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kinga: dohani iko wazi juu usiku kucha, na watu waliogopa kitakachoshuka. Moshi ulipopatiwa njia ya kutoka, hofu nayo ikaona njia ya kuingia.

Kutengeneza bila kuua

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1700 na kubaki karibu na hali yake ya awali, kwa kawaida huingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na mwenye nyumba haruhusiwi kuvunja hata ukuta wa ndani bila kibali. Wengi hulalamika. Lakini madhara makubwa ya karne ya 20 hayakuletwa na wabomoaji. Yaliletwa na watu wema wenye saruji. Udongo na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huufungia. Ukuta wa fito ukipigwa plasta ya saruji, maji yanayopenya kwenye ufa mdogo hayapati pa kutokea, na mwaloni uliodumu miaka 500 unaoza kuanzia chini kimyakimya. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaulilia ugonjwa huohuo kwenye kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa. Dawa ni ileile: toa saruji, rudisha chokaa, na uwe na subira.

Swali gumu zaidi ni la kiasi gani cha zamani kirudishwe. Mwaka 1877 msanii na mwandishi William Morris na msanifu majengo Philip Webb waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, kwa hasira dhidi ya wale waliokuwa wakiyafuta mabadiliko ya karne zote ili kulirudisha jengo kwenye enzi moja waliyoipenda. Msimamo wao ulikuwa kwamba kila tabaka ni historia, na kazi ya fundi ni kutengeneza kilichopo kwa uaminifu. Sasa irudie Bayleaf. Iliposimamishwa upya Singleton, haikurudi na dohani wala sakafu zilizoongezwa baadaye. Ilirudishwa kuwa ukumbi wa wazi wenye moto sakafuni. Kwa kipimo cha Morris, hilo ni kosa.

Mimi nasimama upande wa makumbusho, japo kwa shingo upande. Nyumba ilikuwa inaondoka kwenye ardhi yake kwa vyovyote vile, na Kent bado ina nyumba nyingi za aina hiyo ambazo dohani zake zimesimama pale pale zilipojengwa na familia zinapika humo hadi leo. Bila ukumbi mmoja wa wazi ambao mtu anaweza kuingia, kukohoa kidogo kwa moshi na kuona jinsi nyumba nzima ilivyopangwa kuuzunguka moto, hizo nyingine zote zingebaki mafumbo hata kwa wanaoishi ndani yake. Ila sharti la kukubali hivyo ni kwamba kila mbao iliyotolewa iwe imepimwa, imechorwa na kuandikwa kabla haijaguswa, na kwamba jambo hilo lisifanywe kwa nyumba iliyo bado kwenye udongo wake.

Na kwa mwenye nyumba ya namna hii anayetaka tarehe, ipo njia ya pete za miti. Mtaalamu hutoboa boriti kwa keke nyembamba, huchomoa kijiti chenye pete zote, kisha hulinganisha upana wa pete hizo na mfululizo unaojulikana wa miaka ya mvua na ukame. Pete ya mwisho chini ya gome ikiwepo, hutaja mwaka mti ulipokatwa, wakati mwingine hata majira, na kwa kuwa mwaloni ulitumika ukiwa mbichi, nyumba ilisimama mwaka huo au uliofuata. Tahadhari ni moja: achukue sampuli ukumbini, kwenye kila ncha, na kwenye boriti ya dari iliyo mbele ya dohani, kwa sababu zikitoka mahali pamoja tu atapewa mwaka mmoja kwa jengo lenye umri wa aina tatu au nne.